Jodari Ndani ya Nguo ya Mpira

Miaka thelathini na moja nimeuza samaki sokoni Puerto Ayora, mji wetu wa visiwani, na miaka yote hiyo nimegombana na simba wa bahari, wale wanyama wa mapezi wanaopanda mpaka nchi kavu. Yupo mmoja, dume lenye shingo nene, kila asubuhi anakuja kuweka kidevu mezani kwangu kama mtu wa serikali aliyekuja kukagua leseni. Namwita Mheshimiwa. Nikikata jodari namsukuma kwa goti. Nikigeuka tu, kichwa cha jodari hakipo na Mheshimiwa naye hayupo. Kwa hiyo mtu asinifundishe habari za simba wa bahari. Nilijiona nawajua kuliko mama yao.

Ndiyo maana nilicheka binti yangu Jessenia aliponiambia zawadi yangu ya kutimiza miaka sitini ni likizo ya siku moja: nitapanda boti na watalii, nivae miwani ya maji, niume mrija wa kupumulia, niogelee na simba wa bahari kwenye kisiwa cha jirani. Nikamwambia mimi ninaye wangu sokoni, tena ananitia hasara. Yeye hakucheka. Alikuwa kwenye majaribio ya kazi ya kuongoza wageni, wiki ya tatu, na Ijumaa ile nahodha Segundo, mtu wa kisiwa cha Isabela asiye na maneno mengi, ndiye angetia sahihi karatasi yake au angekataa. Akikataa, kazi ndiyo imekwenda, na mtoto wa watu aliisomea kazi hiyo miaka minne.

"Ombi moja tu, mama," akasema. "Tukiwa botini mimi ni mwongozaji, na wewe ni mgeni kama wengine. Usiniite mwanangu. Nahodha asione nimekuja kazini na familia."

Nilikubali, lakini iliniuma, sitasema uongo. Nimemlea kwa mikono hii inayonuka samaki, leo nikae kama simjui.

Sasa, kulikuwa na jambo. Safari mbili mfululizo wale wanyama walikuwa hawajatokea. Wageni walirudi wamenuna, na nahodha akasikia manung'uniko. Jessenia alikuwa halali vizuri. Mimi nikawaza moyoni, hili nalo ni la kumkosesha mtoto usingizi? Asubuhi nikakata kipande kizuri cha tumbo la jodari, nikakifunga kwenye mfuko wa plastiki, na nilipopewa nguo ya mpira ya kuogelea nikajifungia chooni na kukisokomeza kifuani.

Jessenia akatusomea masharti. Usimguse mnyama. Ukae mbali naye mita mbili. Usimpe chakula. Usiingie na kitu chochote kinachoweza kubaki majini. Nikaitikia kwa kichwa pamoja na wenzangu, jodari akinipoza kifua. Mama mmoja wa Chile alivuta pua, akahama kiti.

Nakiri kwamba nimezaliwa visiwani na sijawahi kutia uso majini nikafumbua macho. Kazi ya bahari kwangu ilikuwa kuleta samaki. Nilipoinamisha kichwa na kuona mwanga umefika mpaka chini mchangani, nilisahau kupumua. Nikajisemea, Zoila, hii yote ilikuwa hapa siku zote.

Lakini simba hawakuwapo. Tulielea, tukaelea. Mume wa yule mama wa Chile akainua kichwa na kuuliza kama tumeletwa kutazama mawe. Nikaona uso wa Jessenia ulivyosinyaa. Nahodha alikuwa amesimama botini, mikono nyuma. Basi nikafungua zipu, nikatoa mfuko, nikachomoa jodari.

Na kweli wakaja. Wanne, wadogo wadogo, waliteleza kutoka nyuma ya mwamba. Nikamnyooshea wa kwanza jodari kama ninavyomfanyia Mheshimiwa akiniudhi sana. Akapita. Wa pili akapita. Hawa hawakuwahi kuona meza ya soko, walitaka kucheza tu. Mmoja alikuja karibu na miwani yangu, kichwa chini miguu juu, akanitazama kwa macho makubwa, akanipulizia mapovu. Nilishtuka nikaachia vyote viwili. Jodari akazama. Mfuko ukabaki unaelea.

Mfuko ndio walioupenda. Yule mdogo kuliko wote aliudaka, akautupa, akaudaka tena, kisha nusu yake ikaingia kinywani. Sisi wa huku tunajua plastiki ikishaingia tumboni mwa mnyama huyu inamuua taratibu. Nilipiga kelele ndani ya mrija nikanywa maji ya chumvi. Nilikuwa nimemuua mtoto asiye na kosa, na kazi ya mwanangu juu yake.

Jessenia hakumkimbilia. Alizama, akaokota jani la mwani lililolala mchangani, akaanza kujizungusha kama mtoto mdogo, kichwa chini, miguu juu, anakwenda, anarudi, wala hamtazami. Nilidhani amechanganyikiwa. Yule mdogo akasimama. Akasogea, mfuko ukining'inia mdomoni. Jessenia akazunguka, naye akazunguka. Jessenia akaachia jani. Mdogo akafungua kinywa kulidaka, na mfuko ukachomoka. Binti yangu akauchukua bila kumgusa hata unywele. Sikuwa najua anaweza hayo. Nilijua anatafuta kazi. Sikujua kazi hiyo ni yake kabisa.

Wageni walipiga makofi, wakidhani ni maonyesho. Nahodha hakupiga. Tulipopanda boti akaunusa ule mfuko, akauliza nani ameingia nao.

"Mimi," nikasema. "Mwongozaji alitukataza, nikafanya kichwa kigumu. Yeye hana kosa. Hata simjui."

Nahodha akamwambia Jessenia kwamba mnyama ni mzima, wageni wana njaa, akitaka autupe mfuko kwenye pipa na yaishe. Nilimwomba Mungu akubali. Jessenia akatoa daftari la taarifa za hifadhi, akakaa, akaanza kuandika huku akisoma kwa sauti.

"Jina la mgeni aliyevunja sharti: Zoila Narcisa Cagua Mero. Umri: miaka sitini."

"Hujamuuliza jina," nahodha akasema. "Umelijuaje?"

"Ni mama yangu."

Nahodha alichukua kalamu akatia sahihi chini ya taarifa, kama inavyotakiwa. Kisha akafungua kabati, akatoa karatasi nyingine, nikaona jina la Jessenia juu yake, akaitia sahihi hiyo nayo, ingawa Ijumaa ilikuwa bado siku mbili.

"Mimi mama yangu ningemficha," akasema, akaenda kuwasha mashine.

Mimi nimeitwa ofisi ya hifadhi Jumatatu, nikasemwe. Haki yao. Nilikaa mwisho wa benchi nikilia, na sikujisumbua kusingizia chumvi. Jessenia akaja kukaa ubavuni kwangu, akaniegemea na harufu yangu yote ya jodari.

"Sasa naruhusiwa?" nikamuuliza.

"Unaruhusiwa."

"Mwanangu," nikasema, kwa sauti ile ninayonadia samaki sokoni, na mama wa Chile akageuka kututazama.