Mabwana Purkis Watano

Awang Jumat alimaliza kifungo chake cha mwezi mmoja, na hakutoka. Hakimu na mkuu wa gereza walikuwa hawasemezani.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Nyati wake alikula maua ya gavana asubuhi ya sikukuu ya Malkia, bendera ikiwa bado inapandishwa. Nyati akachinjwa, Jumat akafungwa. Mkewe, Lamah, alikuwa na mimba changa. Alijiambia mwezi si mwaka.

Beranti kilikuwa kisiwa kidogo cha mpunga, unga wa sago na mkaa wa mawe, na Waingereza wake walikufa kwa homa upesi kuliko walivyoletwa. Bwana Purkis alishuka melini peke yake, na sanduku moja, aje kuwa hakimu. Mkuu wa posta alipokufa, gavana akamwongezea na kazi hiyo. Kesho yake wakaamka Mabwana Purkis wawili, wakagombea wembe. Alipopewa gereza wakawa watatu, udaktari, wanne, bandari, watano. Dobi alilalamika juu ya wingi wa kola, akaongezewa sabuni. Gavana aliandika kwao Uingereza kwamba baraza la koloni sasa limetimia.

Kilichowagombanisha ni kiti. Kwenye karamu ya Malkia, nani akae mkono wa kulia wa gavana? Alikaa hakimu. Mkuu wa gereza akatupa kitambaa chake ndani ya supu, na tangu hapo watano wale hawakujuana.

Lamah alikwenda mahakamani.

"Kifungo kimekwisha," alisema hakimu. "Kufungua mlango si kazi yangu."

Akavuka uwanja hadi gerezani. Mkuu wa gereza alikuwa na chunjua ileile ya hakimu puani.

"Hakimu anasema mume wangu amemaliza, Bwana."

"Aje aniambie mwenyewe."

"Bwana, yule si ni wewe?"

"Mama, mimi sijakutukana. Usinitukane."

Kumwona Jumat nako kulitaka kibali cha hakimu, na vibali vya hakimu, mkuu wa gereza hakuvisoma. Lamah akawa anaacha kapu la chakula langoni, kwa askari Pandak, binamu ya Jumat.

"Shemeji, wewe mume mmoja tu anakuhangaisha hivi," alisema Pandak. "Sisi tuna bwana mmoja mara tano."

"Funguo si hizo kiunoni kwako?"

"Ni hizi. Na watoto ninao."

Hakimu aliishia kuandika barua. Mkuu wa posta akaikalia, kwa kuwa yeye hakuwa mtumwa wa mtu. Mvua zikaja. Fizi za Jumat zikaanza kutoka damu. Daktari akasema angemtibu kwa moyo mkunjufu, akialikwa na gereza. Mwezi huo Lamah alijifungua mtoto wa kike. Alimbeba hadi langoni, akakaa naye chini ya mvua, akarudi naye.

Mwaka ulipokaribia kutimia, mkuu wa gereza alikufa kwa homa. Wanne waliobaki walimzika, kila mmoja na mwavuli wake, kila mmoja akipita njia yake. Gavana akampa gereza yule wa bandari, na asubuhi wakawa watano tena.

Huyu mpya alikuwa hajakaa kwenye karamu yoyote, kwa hiyo hakuwa na adui.

"Huyu nani?" alimuuliza Pandak.

"Alimaliza mwaka jana, Bwana."

"Basi mtoe."

Kisha akauliza sikukuu ya Malkia ni lini, na yeye atakaa kiti gani.

Jumat alitembea hadi nyumbani akijishikiza kwenye nyua za watu. Mwezi mmoja ulikuwa umechukua mwaka mzima. Shamba la mpunga lilikuwa limerudi pori. Meno manne ya mbele hayakuwepo. Binti yao aliishi siku kumi na tisa, na baba yake alimsikia akilia mara moja, ng'ambo ya ukuta.