Niazimeni Dakika Tano

Kosa la fundi saa lilikuwa kumwalika mkewe. Tangu watu waanze kutazama saa kwenye simu, kibanda chake kilikufa, na mke akawa anamwambia kila siku kwamba hakuna anayemhitaji tena. Fundi alitaka mkewe aone kwa macho yake kwamba wanaomhitaji wapo.

Jioni ile maktaba ilikuwa na maonyesho mafupi ya sanaa ya majaribio, kila mtu na kituko chake. Dada mmoja alitafuna gazeti kimya kimya, akapigiwa makofi. Kisha fundi akakaa juu ya kaunta ya kuazimia vitabu, kadi ya maktaba imebanwa kifuani, kana kwamba yeye ni kitabu.

"Niazimeni dakika tano," alisema. "Tukae pale pembeni, uniambie chochote, nikusikilize."

Hakuna aliyeinuka.

"Kitabu kisichoazimwa tunakiuza kwa kilo, mzee," mkutubi akachomekea.

Mkewe akadakia kutoka mstari wa mbele, "Hicho ninacho nyumbani. Nimekisoma chote, hakina kitu."

Watu wakavunjika mbavu. Makofi ya mke yakapita ya dada wa gazeti, naye mke akasimama, akainama kushukuru.

Fundi akangoja kelele zitulie.

"Mama watoto," akasema taratibu, "basi wewe ndiye uniazime."

Mkewe alishamgeukia aliyeketi kando yake, wanagongeana mikono.