Mlango wa Nyuma wa Kushoto

Siku ya Jumatano, saa mbili asubuhi, Gentille alifika mtaa wa Rwambuzi na mashine ya kukaushia nywele, wembe, kitambaa, na kadi yake ya zamani ya uchaguzi ambayo sura ilishafutika. Kwa kadi hiyo alikuwa akisukuma mapovu ya hewa yaliyobaki chini ya stika. Kazi yake ilikuwa kubandika stika kwenye vioo vya maduka na kwenye pikipiki. Safari hii Papa Hippolyte alimwita kwa ajili ya gari.

Lilikuwa gari la zamani la familia, refu nyuma, lenye ubavu uliofunikwa kwa plastiki ya gundi yenye sura ya mbao. Jua lilikuwa limeibandua. Jumamosi gari hilo lingempeleka Arielle, binti wa Papa Hippolyte, kanisani kufunga ndoa.

«Ule mulango ya nyuma ya kushoto haifungukake,» Papa Hippolyte alisema. «Weye pamba tu juu.»

Gentille alipasha plastiki moto, akaivuta polepole. Kwenye milango mitatu alikuta bati na kutu, kama alivyotegemea. Mlango wa nyuma wa kushoto ulikuwa wa mbao. Zilikuwa mbao tatu za libuyu, mti mgumu wa porini, nyeusi juu kwa moshi, zenye namba za chaki za watu wa chanjo. Chini palikuwa na kipande cha kopo la sardini, ambacho baba yake alikipigilia kuziba tundu la panya.

Alizima mashine. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa kopo.

Ulikuwa mlango wa nyumba yao ya kijijini Aveba. Siku ya kukimbia vita, koko Madeleine, mzazi wa mama yake, hakuweza kutembea. Aliomba afungiwe kwa nje, apumzike. Mama alifunga, akaondoka na ufunguo. Waliporudi kuangalia baada ya miezi mitano, hapakuwa na mlango, wala mabati, wala koko. Tangu hapo waliishi kwenye kambi ya waliokimbia, pembeni mwa Bunia, na mama aliuweka ufunguo kwenye fundo la kitenge chake.

Gentille aligonga. «Hodi.»

«Nani?» koko aliuliza kutoka ndani.

«Ni miye, Gentille.»

«Sauti imekuwa ya mwanamuke.»

Kwa kioo cha nyuma cha gari zilionekana siti tu, na gurudumu la akiba.

«Koko, nani alitosha mulango kwa nyumba, akaubeba?»

«Mutu moya wa gari. Alinisalimia muzuri. Akafungua bawaba, akanibeba na kiti yangu, akaniweka inje, sababu alikuwa anataka na mabati, aliogopa misumari itaniangukia. Akasema, samahani, mama. Akapakia, akaenda. Halafu mvua ikanyesha. Siku ya tatu sikusikia tena baridi.»

Gentille alimkuta Papa Hippolyte barazani akinywa chai. Alimweleza maneno ya koko kwa sauti ndogo, akiangalia sahani ya mikate. Papa Hippolyte hakuweka kikombe chini.

«Njo yeye, ule muzee wa kiti? Alikuwa na adabu sana,» alisema. «Kila mutu alikuwa anatosha milango ile wakati, mutoto yangu. Kama si miye, ingekuwa mwingine.» Kisha akauliza kama plastiki mpya itafika mpaka nyuma.

Gentille alimpigia mama yake simu. Mama alikuja kwa miguu kutoka kambini, akapita barazani bila kusalimia, akafungua fundo. Ufunguo ulizunguka mara moja tu na mlango ukafunguka.

Ndani kilikuwa chumba chao, na sakafu yake ya udongo na harufu ya maharage. Koko alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

«Mama, kuya,» mama alisema. «Twende kwetu.»

«Kule kwenu kuko mulango?»

Mama aliangalia miguu yake. «Hapana. Kuko turubai.»

«Basi miye nitabakia. Inje nilishakaaka.» Koko alivuta kitenge mabegani. «Funga, binti yangu. Na Gentille amalize kazi yake. Upepo unaingia katikati ya mbao.»

Mama alisimama na mkono kwenye mbao, muda mrefu. Halafu alifunga, kama alivyofunga mara ya kwanza. Kabla hajauchomoa ufunguo, Papa Hippolyte alikuwa amefika na kikombe chake.

«Papa, hiyo ni ya mama,» Gentille alisema.

«Mulango ni ya gari, na gari ni yangu.» Aliuchomoa ufunguo, akautia mfukoni. «Hiyo njo nilikuwa ninatafuta.»

Gentille alirudi kwenye mlango. Alinyunyiza maji ya sabuni, akalaza plastiki mpya yenye sura ya mbao, akasukuma mapovu yote kwa kadi mpaka pembeni, pasibaki nafasi ya upepo kupita. Mahali pa kitasa alikata tundu dogo, koko apate hewa.

Jumamosi gari lilipita na maua, likipiga honi, Arielle akiwa nyuma upande wa kushoto. Watu wa Rwambuzi walisema mbao ile ilionekana ya kweli kabisa. Mama alilifuata kwa miguu mpaka mlango wa kanisa. Kisha akarudi kambini, akainua turubai, akaingia, akalishusha nyuma yake.