Aliyeitwa Wewe

Watu wa Nkende huniuliza kwa nini nilijenga nyumba mgongo kwa mgongo na makaburi. Huwa nawajibu kwamba jirani wa namna hiyo haazimi chumvi, hapigi redio, na mbwa wake hali mayai yako. Walikuwa wakicheka, nami nacheka nao. Siku hizi wanacheka peke yao.

Makaburi yenyewe ni ya watu wa pwani, wale wa kwanza kufika Tarime na vitambaa, chumvi na Kurani, wakati mji huu ulikuwa bado vichaka na mazizi. Wamelala kwa mstari, wameelekezwa kibla, na wengine wamejengewa bakuli la kaure kichwani. Anayewafyekea nyasi ni Faridu, fundi wa mabati, mjukuu wa mmoja wao. Usidhani ni mtu wa bahari. Faridu amezaliwa hapa, Kikurya anakiongea kuliko Wakurya, na bahari ameiona kwenye kalenda.

Mimi naitwa Ogweno. Nimeendesha malori ya pamba mpaka macho yakastaafu kabla yangu. Kule Machochwe niliwahi kushindana mbio na nyumbu, nikamshinda, kwa sababu breki zake zilikuwa nzima na zangu hazikuwepo. Nayasema haya ili umjue anayekusimulia, na ujue pia kwamba habari ya mtoto sikuitia chumvi. Ilikuja na chumvi yake.

Mkwe wangu Happy, mke wa mwanangu Tomaso, alijifungulia kwetu mvua zilipoanza, Tomaso akiwa kazini Kisumu. Mtoto wa kiume, mzito, kelele kama trekta. Tukapanga aitwe Wiliam. Kisha akaanza kulia, na hakikuwa kilio cha njaa, maana ukimpa ziwa anageuza uso kama mtu aliyetukanwa. Hospitali walimpima kila kitu wasione ugonjwa. Wakamtundikia dripu, naye akapata nguvu za kulia zaidi. Tukarudi naye nyumbani mashavu yameshuka na utosi umebonyea, ukiweka kidole unasikia kishimo.

Jerioth, mke wangu, ni shemasi kanisani, mtu wa kukemea mambo ya mizimu. Ndiye aliyesema.

"Baba Tomaso, huyu anadaiwa jina."

Kwetu sisi Wajaluo, mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anayetaka kuitwa. Unamtajia wafu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine. Akinyamaza na kushika ziwa, umempata mwenyewe.

"Na kanisa, Nyar Shirati?" nikamuuliza. Ndivyo ninavyomwita, binti wa Shirati.

"Kanisa halina maziwa."

Tukawataja. Baba, babu, shangazi aliyeuawa na radi. Tulipomaliza wa kwetu, nikampigia simu kaka yangu Odongo, yuko ng'ambo, Migori, nikaweka sauti kubwa na kuisogeza sikioni kwa mtoto. Odongo akaanza kuita mababu wa kule, hata wale waliokufa wakiwa na deni la pombe. Mtoto analia tu.

"Enyewe Ogweno, huyu mtoi anataka nani? Hao wameisha. Nimebaki mimi pekee, na mimi sijakufa."

"Jitaje tu, tujaribu."

"Ng'o!" Akakata simu.

Happy alikuwa amekaa mkekani, maziwa yanamtiririka bure kwenye kitenge. Hakuwa akilia tena. Alisema tu, taratibu, "Baba, kesho hatafika."

Alasiri ile wingu lilikuwa limeshuka juu ya vilima. Jerioth alimfunga mtoto mgongoni akaenda nyuma ya jiko kuanua nguo, kwenye kamba inayopita sambamba na ukuta wa makaburi. Ghafla kukawa kimya. Nilitoka mbio nikidhani yamekwisha. Nikamkuta amesimama kwenye kona, shuka mkononi, na mtoto mgongoni amefumbua macho, anatazama ng'ambo ya ukuta. Jerioth akapiga hatua kurudi nyumbani, kilio kikaanza. Akarudi kwenye kona, kikakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Uwi!" akanong'ona. "Ogweno, umetujengea wapi?"

Nilimfuata Faridu kibandani kwake. Alinisikiliza nyundo ikiwa juu.

"Mzee, wafu wetu sisi hawaombi majina. Wanaombewa dua, basi."

"Huyu mmoja hajasikia mafundisho. Njoo, mura, mtoto anakwisha."

Akaja. Tukaingia sote wanne, na mtoto wa tano. Ndani ya ule ukuta kuna ubaridi wake, hata jua likiwaka. Faridu akaanza mwanzo wa mstari, anataja kwa sauti ya heshima, kama anayebisha hodi. Mwalimu Mtumwene, aliyefundisha watu kusoma hapajawa na shule hata moja. Mtoto analia. Athumani fundi cherehani, aliyewashonea machifu kanzu na kuwaibia vipande. Analia. Abdurahmani, babu yake Faridu, aliyeleta koroboi za kwanza. Bi Sabaha, aliyebeba mbuzi ya nazi kutoka Pangani, akafika akakuta nchi haina mnazi, akaikunia mihogo mpaka akafa. Bakuli lake la kaure lilikuwa na maji ya mvua, na niliona maji yale yanatetemeka mtoto alipopiga ukelele. Upepo haukuwepo.

Mstari ukaisha. Tukasimama.

"Ndio hao," Faridu akasema.

"Na yule?" Jerioth akauliza.

Kwenye kona, nje ya mstari, nyuma kabisa ya jiko langu, palikuwa na mawe machache yaliyozama kwenye udongo mwekundu. Hakuna bakuli, hakuna chochote. Miaka yote niliyokaa pale nilidhani ni mawe yaliyobaki ya kujengea ukuta. Jerioth aliyaendea yale mawe taratibu, na kilio kikawa kinapungua kwa kila hatua, mpaka akasimama juu yake na kukawa kimya. Mtoto akahema kama mtu mzima aliyetua mzigo.

"Huyo ni nani?" nikauliza.

Faridu alivua kofia akaikunja. "Alikuja nao. Ndiye aliyebeba. Cherehani, vitabu, ile mbuzi ya nazi, vyote vilipita kichwani kwake. Babu alisema alikuwa mtu mwenye nguvu sana."

"Jina, Faridu."

"Hana."

"Mtu hawezi kukosa jina."

"Labda alikuwa nalo alikozaliwa. Wao walikuwa wakimwita wewe. Wewe, lete maji. Wewe, kunja hema. Mpaka wakamzika."

Hatukuwa na la kufanya. Happy, mama wa watu, akainama akaita, "Wewe?"

Mtoto alipiga kilio ambacho sijawahi kukisikia kwa kiumbe cha ukubwa ule. Kilikuwa kizito. Kilitoka kifuani mwake, lakini ningeapa kilianzia chini, kwenye nyayo zetu. Halafu pumzi ikamkatika. Midomo ikawa ya bluu. Happy akamnyakua, anamtikisa, "Nyathina! Mwanangu!" Jerioth yuko magotini, anaanza zaburi na kuisahau.

Sasa mtu mwingine angeomba. Mimi nilifanya ninachokijua. Nikafungua mdomo nikadanganya.

"Mnamwitaje hivyo?" nikasema kwa ukali. "Huyu ni Feruzi! Hamjasikia habari za Feruzi? Ametoka Pangani na cherehani kichwani. Wenzake walipochoka akachukua na mizigo yao, na juu ya mizigo akamweka Athumani mwenyewe, anashona huku wanatembea. Walipofika mto Mara, mamba akamkamata kidole cha mguu wa kushoto, kile kidogo. Feruzi akamwambia, chukua hicho, nimekupa, lakini ukigusa cherehani tutaonana. Mamba akaomba radhi. Feruzi! Hapa Tarime alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, Feruzi!"

Nilikuwa sijamaliza. Happy akasema, "Baba." Mtoto alikuwa amelishika ziwa. Ulisikika mlio wa kumeza, na zaidi ya huo, hakuna.

Faridu alifungua viganja akasoma Fatiha, na alipofika mwisho akasema, "Ee Mola, mrehemu Feruzi," akafuta uso. Nilimwona anafuta mara mbili.

Tukiwa njiani Jerioth akanivuta shati. "Umelitoa wapi jina hilo?"

"Kichwani."

"Ogweno, we…" Akalimeza neno. Tangu hapo hajalimaliza.

Mtoto alinenepa. Utosi ukajaa, mashavu yakarudi. Ingeishia hapo ningekuwa nimekwisha kuisimulia kwenye vilabu vyote vya kahawa na kujisifu. Lakini siku moja Happy akiwa anamwogesha akaniita, na mkwe kwetu hamwiti baba mkwe bafuni, kwa hiyo nikajua kuna jambo. Akainua mguu wa kushoto. Kidole kidogo kilikuwa na mkunjo kukizunguka shinani, umezama, kama kimefungwa uzi. Alizaliwa bila alama ile. Mkunjo wenyewe ulikuwa na vijishimo vidogo vidogo, juu na chini.

"Kama meno," Happy akasema.

Nilikuwa nawaza mambo yote mengine niliyokuwa nimekusudia kumwongezea Feruzi, maana hadithi ile nilikuwa nimeipenda.

Mwenyewe alikuja baada ya hapo, alasiri ya jua na manyunyu pamoja. Nilikuwa kwenye baraza ya nyuma, mtoto mapajani. Wanaosema nilisinzia hawakuwepo. Mtu alitokea kwenye kona ya ukuta, pasipo na mlango, anachechemea. Shuka kiunoni, kifua wazi, udongo mwekundu mpaka magotini. Nywele zilikuwa zimelala utosini, pamebonyea, kama watu waliobeba sana wanavyokuwa. Manyunyu yalikuwa yanaanguka pande zote lakini yeye hayakumkuta. Alikuwa mzee kunizidi mimi. Akasimama mbele yangu akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Yeye akangoja pale pale, ameinama, kama aliyezoea kungoja.

"Marahaba," nikasema, na kwa neno hilo nikawa nimemkubali.

"Baba, mama yangu aliitwa nani?"

"Zaitun," nikasema. "Alikulilia ulipoondoka. Alisimama njiani mpaka vumbi likatulia."

"Aliniitaje?"

"Feruzi."

Walinigeukia wote wawili, yeye na mtoto, kwa pamoja, na shingo zao zilipinda namna moja. Niliona anataka kuuliza na anaogopa.

"Na nilikufaje, baba?"

Nilikuwa nalo jibu, Mungu anisamehe. Mtu kama yule hafi hivi hivi. Ulimi ulikuwa umekwisha kumchagua simba, dume, kutoka Serengeti, na mapigano ya kutwa nzima, na mwisho mzuri wa damu. Nikavuta pumzi nianze. Nikakiona kidole cha mtoto juu ya goti langu, na vile vijishimo.

Simba nikammeza. Sijawahi kumeza kitu kigumu kama yule.

"Ulikufa mzee," nikasema.

"Mzee kama baba?"

"Kunipita mbali. Meno yaliisha, ukaota mengine, nayo yakaisha. Ulikufa umelala, umeshiba, moto unawaka, wajukuu wanagombania nani akufumbe macho. Hukuumwa. Hukuanguka. Hakuna mnyama aliyekugusa tena, wala chuma, wala maji. Na kila aliyekuwepo alikuita kwa jina lako."

Alinitazama usoni. Nilihisi ananipima kama mwenye duka anavyoipima noti.

"Ndivyo ilivyokuwa?"

"Ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwepo."

Akatikisa kichwa kukubali, akaaga, akachechemea kurudi kwenye kona.

Jerioth alitoka jikoni, unga mikononi. "Unaongea na nani?"

"Na mwanao."

Hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu ya baraza, imelowa yote kwa manyunyu, isipokuwa nyayo. Nyayo kavu, kutoka ukutani mpaka miguuni pangu na kurudi, ile ya kushoto ina vidole vinne. Akachukua tambara lenye maji akapangusa. Sakafu ikalowa. Nyayo zikabaki kavu mpaka jioni.

Sasa mtoto anatembea, anavunja vyombo, anaitwa Feruzi. Jina la Wiliam limebaki huko kanisani. Faridu amekata bati, akaligonga jina kwa msumari, akalisimika pale kwenye kona, na mawe yale hayajazama tena. Happy aliacha kunilaumu kuhusu kidole. Nyumbani kwangu lile neno la kumwitia mtu asiye na jina halitamkwi. Hata mbuzi tumempa jina, na kuku tumeanza.

Juzi mchuuzi wa sufuria alifika getini, mgeni, hatujui. Akamwona mtoto uani. "We! Wewe mtoto! Mama yupo?"

Feruzi akasimama. Hakulia. Aligeuza kichwa taratibu kuelekea nyuma ya jiko, na kule nikasikia jiwe linasogea juu ya jiwe.

"Muulize jina, mura," nikamwambia yule mchuuzi. "Muulize upesi."