Maneno ya Mzee Biskuti

Mzee Biskuti alikuwa na kiwanda, magari na watoto wengi tu; maneno ndiyo hakuwa nayo. Maneno yake yote yalitoka kwa Mama Maneno, mwanamke mwenye wakala mdogo wa matangazo, vyumba viwili juu ya saluni, yeye na mdogo wake mchoraji. Tangazo la redioni, yeye. Hotuba ya harusi ya binti wa mzee, yeye. Hata siku mzee alipomzika mama yake, yale yaliyowaliza watu makaburini yaliandikwa pale juu, huku chini mashine za kukaushia nywele zikivuma. Na asikudanganye mtu: wateja wengine wa wakala ule walikuwa wa kuokotezaokoteza. Mzee Biskuti akiondoka, ofisi inafungwa.

Basi asubuhi moja mzee akampigia Mama Maneno simu. "Binti yangu, njoo. Nina jambo zito."

Akaenda mbio hadi kiwandani, akapanda ofisini kwa mzee. Akamkuta amejikunyata nyuma ya meza, hamtazami usoni.

"Wanangu wamepata wakala mwingine," mzee akasema. "Wakubwa hao. Wamenizonga kila siku, nimechoka. Nimekubali."

"Umekubali au umekubalishwa, mzee?"

"Vyote." Akakohoa. "Sasa wakala wa zamani lazima aandikiwe barua ya kuachana. Nimejaribu tangu jana, kila nikiandika naona kama namtukana mtu. Wewe unanijua. Niandikie."

"Wakala wa zamani ni mimi, mzee."

"Ndiyo maana nataka iwe nzuri."

Jamani! Mwingine angebamiza mlango. Yeye akavuta kiti. Msimwone mjinga, alikuwa na lake kichwani. Mzee huyu hulainika kwa maneno, na nani ajuaye hilo kumzidi yeye? Ataandika barua ambayo mtu mwenye moyo hawezi kuitia sahihi.

Akaandika. Akaweka enzi za tanuri moja linalofuka moshi, wao wawili wakitafuna biskuti zilizovunjika kwa sababu nzima zilikuwa za kuuza. Akaweka mwaka mzee alipolazwa hospitali, na matangazo yakaendelea kusikika kama mwenyewe yupo. Hakulalamika, hakujikweza. Maishani mwake hakuwahi kuandika kitu kizuri namna ile, naye alijua, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akapumua vizuri.

Mzee akavaa miwani, akasoma taratibu, midomo ikicheza. Katikati akaivua, akajifuta macho kwa kiganja. Mama Maneno akaung'ang'ania ukingo wa meza. Ichane, akamwomba kimoyomoyo. Ichane, mzee wangu, yaishe.

"Ndicho hasa nilichotaka kusema," mzee akasema, sauti ikimkatika. "Kilinikaba hapa kooni tangu jana. Sasa nimeutua mzigo."

Akatia sahihi.

Akaikunja barua, akaitia kwenye bahasha, akainuka nayo. Halafu akasimama tu pale, anaigeuzageuza, ameduwaa.

"Sasa nikikupa, nasemaje?"

Mama Maneno akamtungia na hilo. "Sema, asante kwa yote."

"Asante kwa yote," mzee akasema, akampa.

Akaipokea kwa mikono miwili, akashuka ngazi za kiwanda kwenda kumwambia mdogo wake afungashe rangi zake.