Chini ni Kwako

Siku Ummukulthum alipoondoka nyumbani kwao Mji wa Kale kwenda kuolewa, baba yake, Jamaldin, alikuwa chumbani kwake juu, mlango kaufunga. Akidi ilisomwa msikitini, na kadhi ndiye aliyesimama walii wa kumwoza, maana baba mtu alikuwa hai, mzima, na amekataa.

Kosa la wakwe lilikuwa moja tu. Walipoleta posa walimpitia kwanza Kamaludin, ndugu mdogo wa Jamaldin, kwa kuwa duka lake liko njiani, wakamtaka awaongoze. Jamaldin alipopata habari, posa ilikuwa imeshazungumzwa barazani kwa mdogo wake. Walikuja kuomba radhi, wakarudi tena na wazee zaidi. Kijana mwenyewe, Ishaq, hakuwa na ila. Jamaldin alikiri hilo.

"Lakini mimi si wa kupewa habari ya mwanangu na Kamaludin," alimwambia mkewe, Mahfudha.

Mwaka ukapita. Jamaldin akaanza kuumwa na moyo, akawa hashuki ngazi. Mahfudha alimpigia simu binti yake kwa siri, naye akaja kutoka kwa mumewe Tononoka, mja mzito, akaketi ukumbini chini. Baba aliyekunyima idhini humpandii chumbani bila kuitwa, ndivyo alivyolelewa.

Mahfudha akapanda. Akamkuta mumewe amekaa kitako kitandani, amevaa kanzu ya Idi na kofia ya viua, amejipaka mafuta ya udi. Sauti ya binti yake alikuwa keshaisikia.

"Baba Kulthum, mtoto yuko chini. Mwite."

"Nimwite mimi? Aliyetoka ndiye abishaye hodi."

"Keshabisha."

"Kabisha kwako. Chini ni kwako, huku juu ni kwangu."

"Na kanzu hiyo, basi, wenda wapi?"

Jamaldin akageukia ukutani. "Mwambie nimelala."

Mahfudha alisimama ngazini kitambo. Tangu aolewe hajamkadhibisha mumewe mbele ya mtu. Akashuka, akasema, "Amelala, mwanangu."

Ummukulthum akaacha sahani ya vitumbua alivyomletea babake, akaaga.

Jamaldin alikufa wiki hiyo hiyo, alfajiri. Binti yake alipofika, jeneza lilikuwa limeshatoka.

Siku hizi Ummukulthum huja kila Ijumaa na mwanawe. Hupika, hula na mamake ukumbini, juu hapandi, na kabla ya magharibi hurudi Tononoka.