Neno la Siri la Nomalizo

Simu mpya ilipomtaka achague neno la siri, mjane Nomalizo aliandika jina la marehemu baba mkwe wake. Kwetu Waxhosa, mke halitamki jina hilo maisha yake yote. Basi aliamini halitamponyoka hata usingizini. Ndani ya simu mlikuwa na barua ya ajira ya jijini Gqeberha, ambako alikusudia kuhamia pasipo kumwambia mtu, atakapovua nguo nyeusi za msiba.

Jumapili moja shemeji yake, Siphiwo, aliichukua simu mezani.

"Shemeji, tuambie neno la siri. Tuone wajane wa siku hizi wanaandikiana na nani."

Nomalizo aliendelea kumenya viazi. "Siwezi kulisema."

"Huwezi? Unaona haya kama bibi harusi wa jana?"

Mama mkwe akacheka. "Mwanangu, nyumba hii ina jina moja tu ambalo huyu hawezi kulisema."

Siphiwo akaandika jina la baba yake. Simu ikafunguka, naye akaisoma barua kwa sauti, tangu tarehe hadi sahihi.

Mama mkwe hakucheka tena. "Unaondoka lini?"

"Desemba, Mama," alijibu Nomalizo, akachukua kiazi kingine.